Mwongozo kamili: kuondoa panya kwenye stoo ya vifaa vya bunduki, kwa watu wa Dodoma na kanda ya kati

Kila mwaka mavuno yakishaingia ndani, mwezi wa tano mpaka wa nane hivi, kilio kinakuwa kile kile. Mtu kafungua kabati kakuta mkanda wa bunduki umekatwa, mfuko wa turubai una tundu, boksi za risasi zimetafunwa na zimelowa mkojo, ukimuuliza umefanya nini anakwambia nimeweka sumu. Mwaka jana je? Sumu. Wanakufa wawili watatu, nyumba inanuka wiki nzima, mwezi unaofuata wako pale pale.

Kinachowaangusha watu ni mpangilio wa kazi. Wanaanzia mwisho. Sumu ni ya mwisho kabisa, na mtu akizifanya vizuri hatua za mwanzo mara nyingi hata haihitaji. Kwahiyo fuata namba kama zilivyo, usiruke, na kila hatua nimeandika kwanini inafanyika na utajuaje imekubali.

Nimeuandika kwa mwenye silaha ya leseni, awe mkulima anayelinda shamba na nguruwe pori huko Chamwino, mwindaji wa kibali anayeelekea Rungwa, au mtu wa kulenga shabaha tu. Ila hata kama stoo yako ina majembe na magunia peke yake, hatua ni zile zile, utaacha tu zinazohusu risasi.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kwanza. Ukiziba nusu alafu ukasema saruji nitanunua kesho, usiku wa leo wanahamia upande ambao haujazibwa na kesho unaanza upya.

- Tochi yenye mwanga mkali, chaki, na unga au majivu yaliyochekechwa
- Glovu za mpira, barakoa, ndoo mbili, matambara na Jik
- Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku wa matundu makubwa haufai, panya mdogo anapita
- Stilwaya ya kusugulia masufuria, saruji, mchanga, vipande vya bati na misumari
- Mitego ya kubana, ile ya springi, isipungue 6 kwa chumba kimoja
- Chambo: karanga zilizosagwa, dagaa wakavu
- Sanduku la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, na kabati la chuma la kufunga
- Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya
- Mafuta ya bunduki na vitambaa safi vya pamba
- Daftari na kalamu

Kuhusu mitego ya gundi, mimi siishauri. Vumbi letu la Dodoma linaifunika ndani ya siku chache inakuwa haishiki tena, na panya akinasa anateseka usiku kucha huku anakojoa kila mahali, yaani uchafu ule ule unaoukimbia. Mtego wa kubana ni wa bei ndogo, unaua papo hapo na unautumia miaka.

Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme eti vinatoa sauti ya kufukuza panya, weka hela yako mfukoni. Panya wanavizoea. Nafthalini ya kuwekea nguo nayo inanuka kwako kuliko inavyowakera wao. Paka anasaidia kweli, hasa kwa panya wachanga, lakini hafiki ndani ya ukuta wala juu ya silingibodi.

## Kabla hujagusa chochote

Silaha itolewe risasi na uihakikishe mwenyewe kwa macho na kidole kwamba chemba iko tupu. Watoto wasiwepo. Fundi wa kuchomelea au wa saruji aje baada ya silaha na risasi kuhamishwa na kufungiwa pengine, hana haja ya kuona unachomiliki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakutaka utunze silaha na risasi zako mahali salama, na usumbufu wa panya hauwi sababu ya kuziacha sebuleni hata kwa usiku mmoja.

Hesabu risasi zako zote sasa hivi uandike kwenye daftari, aina na idadi. Hesabu ikipungua na ukatafuta ukakosa, nenda polisi utoe taarifa, usijisemeze kwamba labda panya kabeba.

Na jamani, usimpige panya kwa bunduki ndani ya stoo. Sakafu ya saruji na kuta za tofali zinarudisha risasi, na wewe ndo umesimama katikati.

## Hatua ya 1: Jua una panya gani na wanapita wapi

Nenda jioni giza likianza kuingia na tochi. Mulika pembeni mwa kuta, siyo katikati ya chumba. Panya anapenda kutembea mwili ukigusa ukuta, na akipita njia moja kila siku anaacha alama nyeusi ya mafuta ya manyoya kwenye ukuta, juu ya boriti na kwenye ukingo wa tundu. Hiyo alama ukishaizoea huwezi kuipoteza.

Angalia kinyesi. Vinyesi vidogo kuliko punje ya mchele ni panya mdogo wa ndani. Virefu vya karibu sentimita moja na zaidi vyenye ncha ni panya wa paa, huyu anatembea juu, kwenye mbao, nyaya na silingibodi. Tundu la ardhini nje ya ukuta, hasa kama una shamba karibu, mara nyingi ni panya shamba, na huyu ndo anayetuumiza sana kanda hii maana jike anaweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mkupuo mmoja na mimba haizidi wiki tatu na siku chache. Mvua zikiwa nzuri wanaongezeka shambani, mahindi na mtama vikivunwa shamba linabaki tupu, wanafuata chakula kilikoenda, yaani kwako.

Kinyesi kibichi ni cheusi na kinang'aa. Cha zamani ni cha kijivu, ukikisukuma kwa kijiti kinavunjika unga. Ukiona cha zamani tupu usifurahi haraka, fanya jaribio la unga.

Jaribio lenyewe ni hivi: nyunyiza unga au majivu kidogo sana, tabaka jembamba, kwa upana wa kiganja, kwenye kila kona, mlangoni na chini ya rafu. Asubuhi mulika tochi kwa pembeni karibu na sakafu, siyo kutokea juu. Mwanga ukilala hivo, nyayo zinatoka wazi kabisa, vidole vinne vya mbele na vitano vya nyuma, na mara nyingine katikati yake mstari mwembamba wa mkia. Kila mahali penye nyayo weka alama ya chaki. Fanya usiku mbili mfululizo.

Imekubali ikiwa: una alama za chaki zinazounganika kuwa njia, na unajua zinaanzia kwenye tundu gani. Kama huna hiyo picha usiende mbele, rudia.

## Hatua ya 2: Okoa vifaa

Watu wengi hii hatua hawaijui, ila ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote.

Fungua mlango na madirisha, acha hewa ipite nusu saa, alafu ndo uingie na glovu na barakoa. Usifagie. Narudia, usifagie kinyesi kikavu cha panya, maana vumbi lake ukilivuta linaweza kukuletea ugonjwa. Changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe tisa vya maji, mwagia kinyesi na viota mpaka vilowe, subiri dakika 10, okota kwa tambara, funga kwenye mfuko, zika au choma tambara. Hakikisha kwenye hilo rundo la kuchoma hakuna risasi hata moja iliyojificha ndani ya kiota. Jik usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, mchanganyiko unatoa hewa yenye sumu.

Ukipata homa, maumivu makali ya misuli au macho mekundu ndani ya wiki mbili tatu baada ya kazi hii, nenda hospitali na umwambie daktari kabisa kwamba ulisafisha stoo ya panya. Kuna homa inaitwa leptospirosisi, inatoka kwenye mkojo wa panya, na inatibika vizuri ikijulikana mapema, ila watu wanaambiwa malaria wanarudi nyumbani kwa sababu hawakusema.

Risasi. Jik isiguse risasi wala chuma cha bunduki, inakula chuma. Toa risasi moja moja kwenye boksi iliyolowa, boksi tupa. Mkojo wa panya una chumvi na unatoa amonia, na amonia ni adui mkubwa wa shaba nyeupe inayotengeneza maganda ya risasi. Inaifanya ipasuke yenyewe nyufa nyembamba hata kama risasi haijawahi kupigwa. Kwahiyo zifute kwa kitambaa kikavu, shika kila moja kwenye mwanga wa dirisha uizungushe polepole. Unatafuta vitu vitatu: madoa ya kijani, ufa mwembamba karibu na shingo pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye ganda, na kile kiduara cha nyuma kinachogongwa na pini kama kina kutu au unyevu. Kwa risasi za bunduki ya marisau angalia plastiki imetafunwa au mdomo uliokunjwa umefunguka.

Doa dogo linalofutika kwa kitambaa kikavu siyo shida. Doa lililochimba, ufa, au plastiki iliyotobolewa, hiyo risasi usiipige. Ganda likipasuka ndani ya chemba gesi inarudi usoni kwako. Zitenge kwenye kopo lenye mfuniko, andika nje MBOVU, na uzipeleke kituo cha polisi au kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni uliponunua wakuelekeze. Usizitupe chooni, usizichome, usizifukie shambani.

Usipulizie risasi mafuta yoyote ya kulainishia eti kuzing'arisha. Mafuta hayo yanapenya nyuma yanaharibu kilipuzi, siku unayoihitaji inakataa kulia. Usitumie pia dawa za kung'arishia shaba zenye amonia, utakuwa unafanya kazi ya panya.

Mkanda na kitako. Utashangaa mkanda umetafunwa sehemu moja tu, na mara nyingi ni pale mkono unaposhika. Ni jasho. Lina chumvi na panya anaifuata, ndo maana hata kitako cha mbao kinaweza kuwa na alama za meno pale shavu linapolala. Mkanda wa ngozi uliokatwa zaidi ya robo ya upana wake badilisha, siyo wa kushona, maana utakatika bunduki ikiwa begani. Kitako chenye mikwaruzo midogo kipige msasa mwembamba ukipake mafuta ya mbao. Kuanzia leo ukitoka porini futa mkanda na kitako kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha, ndo uweke.

Mtutu na sehemu za chuma. Mkojo ukikauka kwenye chuma unaacha kutu chini yake usiku huo huo. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo sana, kausha kabisa, alafu paka mafuta ya bunduki. Mulika ndani ya mtutu, kuna panya wadogo wanaingiza vipande vya karatasi na manyoya humo, na mtutu ulioziba ukipigwa unapasuka.

Vitambaa, karatasi za shabaha, mifuko. Kilicholowa mkojo tupa. Kitambaa cha kusafishia mtutu ni cha bei ndogo, usikionee huruma. Mfuko wa turubai unafulika, anika juani siku nzima, jua letu linasaidia sana hapo. Ila mfuko wenye sponji ndani ulioshatobolewa sponji, ondoa, maana humo ndimo walimokuwa wanalala na harufu haitoki. Na harufu yao inawaita wenzao.

Imekubali ikiwa: vifaa vyote vimetolewa stoo, kila kitu kimekaguliwa na kuandikwa, na hakuna kinachonuka.

## Hatua ya 3: Toa chakula

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Huwezi kuweka mashudu ya alizeti, pumba za kuku na gunia la karanga chumba kimoja na mkoba wa bunduki alafu ukategemea panya wakae mbali. Panya hakuja kwa ajili ya mkanda wako. Alikuja kwa alizeti, kashiba, akatafuta pa kulala na kitu cha kutafuna, maana meno yake ya mbele yanakua maisha yake yote na lazima ayasugue.

Mazao yahamie chumba kingine. Kama huna chumba kingine, yapandishe juu ya chaga iliyoinuka angalau futi moja na isogezwe mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, na pumba na mashudu viingie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Chakula cha mbwa vile vile. Ndoo ya maji isiachwe wazi usiku, kiangazi chetu ni kirefu na panya anatafuta maji kama anavyotafuta chakula.

Kuna onyo moja hapa kwa wanaohifadhi nafaka. Vile vidonge vya kufukizia magunia, vinavyotoa gesi ya fosfini, visitumike kwenye chumba chenye risasi au bunduki. Gesi ile inakula shaba na aloi zake. Zaidi ya hapo inaua watu, na vinatakiwa kutumiwa na mtu aliyefundishwa, kwenye stoo isiyoungana na vyumba vya kulala. Kuna wanaovitupia kwenye tundu la panya ndani ya nyumba wanayolala watoto. Msifanye hivo, nawaomba sana.

## Hatua ya 4: Ziba

Kabla hujaziba soma kwanza hatua ya 5, maana mitego inawekwa siku chache mapema bila kutegwa. Kipimo cha tundu ni rahisi: tundu ambalo kalamu ya risasi inapita, panya mdogo anapita. Tundu ambalo kidole gumba kinaingia, panya mkubwa anapita. Zunguka nje na ndani ukiwa na kalamu mkononi.

Anza na mlango, maana milango mingi ya huku imeachia chini nafasi ya vidole viwili. Fundi wa kuchomelea akuwekee pleti ya chuma chini ibaki nafasi isiyozidi milimita 6 na sakafu. Mlango wa mbao ufunge bati upande wa nje kuanzia chini mpaka kimo cha kiganja kimoja, la sivyo watautafuna kona.

Kisha juu. Bati likikaa juu ya ukuta, kila mgongo wa bati unaacha kinjia, na hicho ndo kinasahaulika kuliko vyote. Jaza mota, yaani saruji iliyochanganywa na mchanga, kila mgongo, au kata wavu wa chuma uupige misumari kufuata mstari wote. Tawi la mwarobaini lililolala juu ya paa kata, libaki mbali na paa zaidi ya mita moja, na kama umetambaza mzabibu ukutani uondoe upande wa stoo.

Matundu ya bomba na nyaya: sindilia stilwaya mpaka ikaze, alafu paka mota juu yake. Stilwaya peke yake inaoza kwa kutu mvua zikija, mota peke yake ikiwa mbichi wanaikwangua usiku ule ule. Ile povu ya kupulizia inayokauka wanaitafuna bila shida, usiitumie peke yake. Madirisha na matundu ya hewa weka wavu wa chuma, usizibe kabisa, stoo inahitaji hewa.

Kwa nyumba ya tofali za tope, piga plasta ya saruji nje kuanzia chini ya ardhi kidogo kupanda juu kiasi cha futi moja na nusu. Kwa tembe, niseme ukweli, paa la udongo na miti huwezi kuliziba likazibika, wana nyumba humo humo ndani ya paa. Usipoteze saruji yako. Wewe peleka nguvu kwenye sanduku na kabati la chuma kwenye hatua ya 7, na mitego iwe ya kudumu.

Ziba yote ndani ya siku moja kama unaweza, ukianzia asubuhi. Na usiku wa siku hiyo hiyo mitego iwe tayari, maana utakuwa umewafungia waliobaki ndani na watahangaika.

Imekubali ikiwa: usiku, mtu akimulika tochi ndani na wewe uko nje, huoni mwanga ukipenya mahali popote, isipokuwa kwenye wavu wa madirisha na matundu ya hewa na ile nafasi ndogo chini ya mlango.

## Hatua ya 5: Tega

Panya mkubwa anaogopa kitu kipya. Ukimtegea siku ya kwanza atazunguka mbali, na akinusurika mara moja hatagusa tena. Kwahiyo siku chache kabla ya kuziba weka mitego yote mahali pake ikiwa na chambo, lakini USIITEGE. Wale, wazoee. Ukiona chambo kinaliwa kila usiku, usiku wa kuziba ndo unaitega yote kwa pamoja. Watu wanaojaribu hivi wanashangaa idadi ya usiku wa kwanza.

Mtego ukae umepigana na ukuta kwa pembe, upande wa chambo ndo uguse ukuta, juu ya ile njia ya chaki. Ukiulaza sambamba na ukuta, panya anaupita tu pembeni. Weka mmoja kila hatua mbili tatu, na kwa panya wa paa panda juu, fungia mtego kwenye boriti kwa waya ili usidondoke naye.

Chambo kiwe kidogo, kiasi cha punje ya harage, ukisugulie kabisa kwenye kile kibati. Ukiweka donge kubwa ananyofoa pembeni anaondoka. Dagaa mfunge kwa uzi. Ukiona karanga hawali badili uwape dagaa, hasa kama walikuwa wanaishi juu ya gunia la karanga na wamezikinai.

Kagua kila asubuhi kwa glovu. Panya aliyekufa mwagie Jik ya mchanganyiko ule ule, mfungie kwenye mfuko, mzike chini zaidi ya futi mbili mbwa asimfukue. Mtego usiuoshe kwa sabuni yenye harufu kali, ufute tu.

Imekubali ikiwa: usiku saba mfululizo mitego haijashika kitu, chambo hakijaguswa na unga wa hatua ya 1 hauna nyayo. Vyote vitatu. Kimoja kikikosekana endelea kutega.

## Hatua ya 6: Sumu, kama bado iko haja

Ukiwa umefika hapa na bado nyayo zipo, kwanza rudi hatua ya 4 na kalamu yako, kuna tundu umeliacha. Ukishahakikisha hakuna, ndo sumu.

Nunua duka la pembejeo, yenye lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Zile za kwenye vipakiti visivyo na jina zinazouzwa barabarani hujui ndani kuna nini, na siku mtoto akila daktari naye hatajua. Chagua ya aina ya bromadioloni, ile ya vipande vya nta. Hii inazuia damu kuganda, panya anakufa baada ya siku 3 mpaka 7 hivi, kwahiyo haunganishi chakula na kifo na wenzake wanaendelea kula. Faida nyingine kubwa, mtu au mbwa akila kuna dawa yake, vitamini K1, akiwahishwa. Zinki fosfaidi inaua haraka lakini haina dawa ya kuipinga, mimi siiweki kwenye nyumba ya watu.

Sumu iwekwe nje ya stoo, ndani ya boksi lenye matundu mawili ya kuingilia, lililofungiwa ukutani, mbwa, kuku na mtoto wasifike. Ndani ya stoo usiiweke, maana atafia nyuma ya kabati na utabomoa ukuta kumtafuta. Kila asubuhi okota waliokufa uwanjani uwazike, bundi na paka wakila panya wa sumu nao wanadhurika, na bundi mmoja aliye hai anakufanyia kazi usiku kucha bila malipo.

## Hatua ya 7: Rudisha vitu ndani

Hakuna kurudisha kitu kwenye boksi la karatasi. Boksi ni nyumba na ni godoro. Plastiki nyembamba nayo wanaitoboa usiku mmoja.

Risasi ziingie kwenye sanduku la chuma lenye mpira, pamoja na vipakiti viwili vitatu vya kunyonya unyevu. Kila aina na sehemu yake, weka kikaratasi cha idadi kwa juu. Fungia mfuniko siku kavu, siyo jioni ya mvua, usije ukafungia unyevu humo. Sanduku likae ndani ya sefu au kabati la kufunga, mbali na silaha yenyewe, chumba chenye ubaridi. Banda la bati linalopigwa na jua la mwezi wa kumi siyo mahali pa risasi, wala juu ya silingibodi.

Bunduki isikae ndani ya mfuko wa kitambaa kwa mda mrefu, mfuko unashika unyevu. Isimamishe wima kwenye kabati la chuma, mkanda ukiwa umetolewa na kuwekwa kwenye kopo la bati. Karatasi za shabaha, vitambaa na brashi viingie kwenye debe la mfuniko. Kabati liinuliwe juu ya tofali ili umulike chini yake, na liache nafasi ya mkono nyuma.

## Ukaguzi wa kila mwezi

Kazi ya dakika 15. Mulika pembeni mwa kuta, nyunyiza unga mlangoni na kwenye kona mbili, kagua mota kwenye migongo ya bati, hesabu risasi ulinganishe na daftari. Mitego miwili ibaki nyuma ya mlango mwaka mzima, chambo kibadilishwe kila ukaguzi maana karanga ikichacha hawaigusi.

Kuna nyakati mbili za kukaza zaidi, ukague kila wiki. Ya kwanza ni mavuno yakiingia, kuanzia mwezi wa tano. Ya pili ni mvua za kwanza, mwezi wa 11 na 12, maji yanapojaa matundu yao ya ardhini nao wanatafuta pakavu, na hapo ndipo pia mota iliyopasuka kiangazi inaanza kumomonyoka.

Ukikuta nyayo, tega usiku huo huo mitego yote sita. Kesho yake asubuhi zunguka nje na kalamu, anzia kwenye pleti ya mlango, nenda kwenye migongo ya bati, malizia kwenye mabomba. Ukilipata tundu liandike tarehe kwenye daftari, likijirudia sehemu ile ile mara ya pili weka bati juu ya mota.